Kutoka Kinyeti Hadi Baharini

Chumvi tunayonunua kwenye vibanda vya Hai Malakal, hapa Juba, imepanda mlima kabla ya kutufikia. Nyingi yake hutoka pwani ya Kenya. Lori huiacha Mombasa na joto lake, hupita Voi na Mtito Andei, hufika Nairobi karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, huteremka Bonde la Ufa, kisha hupanda upande wa pili hadi Timboroa, zaidi ya meta 2,700, ambako dereva hufunga dirisha na kuvaa sweta. Hapo ndipo mteremko wa kuja kwetu unapoanza: Eldoret, Malaba, Gulu, Nimule, na mwisho Juba, chini ya meta 500. Sabuni, unga na mabati hufuata ngazi hizo hizo. Karibu kila kilichoko dukani kimeonja baridi ya milimani.

Maji yetu huenda kwingine kabisa. Bahr el Jebel hupita kando ya Juba ukielekea kaskazini, hutawanyika katika kinamasi cha Sudd, hujikusanya upya, hupita mji wa Malakal uliotoa jina la mtaa huu, hukutana na Nili ya Buluu pale Khartoum, na mwishowe humwagika Mediterania. Hivyo tunaishi kati ya bahari mbili ambazo wengi wetu hatujaziona. Moja huupokea mto wetu. Nyingine hutulisha, na kati yake nasi umesimama mlima.

Jiografia hii imenikaa moyoni kwa sababu ya jambo ambalo huku kwetu halizungumzwi sana: safari ya baiskeli za milimani, kutoka vilele hadi pwani. Wako watu, duniani na hata hapa Afrika Mashariki, wanaopandisha baiskeli yenye tairi pana na springi za mbele hadi juu kabisa wanakoweza kufika, wakafunga mizigo kwenye karia na usukani, kisha wakashuka siku baada ya siku kwa njia za vumbi na mawe, katikati ya mashamba ya watu, mpaka gurudumu la mbele liguse maji ya chumvi. Hawapeleki bidhaa sokoni. Hawakimbii vita. Wanataka kuijua nchi kwa mwendo unaowaacha wasalimiane na kila wanayempita.

Nikiwasimulia watu wa Hai Malakal habari hii, swali lao la kwanza halihusu gia wala bei ya baiskeli. Huuliza: nani huwaruhusu kupita? Nimelibeba swali hilo muda mrefu, na nimefika mahali pa kuamini kwamba ndani yake kuna kipimo cha amani kilicho bora kuliko vingi tunavyotumia. Nchi ina amani kwa kadiri ambavyo mwananchi wake anaweza kuondoka kwenye mlima wake mrefu na kwenda hadi baharini, kwa baiskeli, bila mlinzi.

*

Kwanza tuielewe safari yenyewe, maana wengi hudhani kwamba kushuka ni kupumzika.

Mtu, baiskeli na mizigo wakifika kilo 100 kwa pamoja, kila meta 1,000 wanazoshuka huachilia nishati inayotosha kuchemsha karibu lita 3 za maji. Nishati hiyo lazima iende mahali. Sehemu huchukuliwa na upepo, sehemu huishia kwenye tairi na changarawe, na yote iliyobaki hupita kwenye breki. Ndiyo sababu rimu huunguza kidole, ndiyo sababu tyubu hupasuka kwenye mteremko mrefu, na breki za mafuta hulegea mafuta yakichemka. Anayejua kushuka haishiki breki mfululizo. Hukaza kwa nguvu, huachia ili chuma kipoe, hukaza tena. Huinuka kidogo kitini, uzito akiusogeza nyuma, magoti na viwiko vimelegea, na macho ameyatupa mbali, kule njia inakokwenda. Anayelikodolea macho jiwe lililo mbele ya tairi huenda moja kwa moja kwenye jiwe hilo.

Mwili nao hufanya kazi yake. Masikio huziba na kuzibuka. Kila meta 1,000 huongeza joto kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo aliyeanza asubuhi na glavu anaweza kufika alasiri akitafuta kivuli. Kiganja hufa ganzi. Tena hakuna mlima unaoshuka moja kwa moja: njia huvuka mito, na kila mto una ukingo wa pili. Anayetoka juu kwenda pwani hupanda sana kabla ya kufika, pengine jumla ya meta nyingi kuliko urefu wa mlima alikoanzia.

Katika upande wetu wa dunia sijui mteremko ulio mkali na mfupi kwenda baharini kama ule wa Asmara hadi Massawa. Asmara iko zaidi ya meta 2,300 juu, Massawa iko kwenye Bahari ya Shamu, na kati yao kuna kilomita kama 115 tu. Baiskeli ilifika Eritrea na Waitalia, Waeritrea wakaifanya yao, hata Daniel Teklehaimanot akavaa jezi ya mfalme wa milima kwenye Tour de France ya mwaka 2015, Mwafrika wa kwanza kuivaa, na Biniam Girmay akashinda hatua tatu na jezi ya kijani mwaka 2024. Watu wa Juba tunawafahamu Waeritrea kwa karibu, kwa sababu hoteli nyingi za hapa ni zao, na katika biashara ya maji ya malori wamo. Ukikaa nao jioni na kuitaja njia ya Massawa, utaona mikono ikianza kuchora kona hewani. Baadhi yao hawajaiona njia hiyo kwa miaka mingi, na hawajui lini wataiona. Nitalirudia jambo hilo.

*

Katika nchi zinazotuzunguka, watu waliteremsha baiskeli milimani kwa ajili ya ugali kabla mtu yeyote hajafikiria kufanya hivyo kwa furaha. Nchini Burundi, vijana hupakia mikungu ya ndizi juu ya baiskeli za kawaida kule Bugarama, zaidi ya meta 2,000, na kuteremka hadi Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika. Kurudi juu hushika nyuma ya lori kwa mkono mmoja, usukani kwa mwingine, na wengine wamekufa kwa njia hiyo. Goma, mashariki ya Kongo, kuna chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kisicho na pedali wala cheni, kinachoshusha viazi, mkaa na kuni kutoka vilimani. Breki yake ni kipande cha tairi kuukuu kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Mjini Goma mwendesha chukudu alijengewa sanamu barabarani, na ilikuwa haki.

Watu hawa ndio mabingwa wa kweli wa mteremko katika Maziwa Makuu. Nawataja ili tusije tukadhani kwamba safari ya mlima hadi maji ni starehe iliyoletwa na wageni. Tofauti iko kwenye hiari. Kijana wa Bugarama hachagui saa wala uzito wa mzigo. Bei ya ndizi humchagulia. Yule anayesafiri kwa furaha yake amechagua vyote, na anaweza kusimama kwenye kona kutazama bonde kwa sababu hakuna mnunuzi anayemngoja. Ningependa siku moja yule kijana naye asimame kwenye kona hiyo. Kustarehe kwenye barabara uliyoitolea jasho ni sehemu ya uhuru, na ni sehemu ambayo hatujaidai vya kutosha.

*

Tanzania inatuonyesha jinsi uhuru huo unavyoweza kuonekana. Mwishoni mwa mwaka 1984 binamu wawili Waingereza, Richard na Nicholas Crane, walipanda Kilimanjaro na baiskeli, mara wakiziendesha, mara wakizibeba mgongoni. Leo njia ya Kilema imetengwa kwa wanaotaka kupanda na kushuka mlima huo kwa baiskeli. Lakini kilele kinanivuta kidogo kuliko kinachofuata chini yake. Maji ya Kilimanjaro na Meru hukusanyika kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, hutoka humo kwa jina la mto Pangani, hupita Korogwe, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale, na huingia Bahari ya Hindi kwenye mji uitwao Pangani. Mto umekwisha kuchora safari. Mwendesha baiskeli anaufuata tu, na akitaka jasho zaidi anaiacha tambarare na kupanda Usambara.

Na Usambara inafaa kupandwa. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona juu ya kona, kupitia Soni na maporomoko yake. Juu kuna ubaridi, kabichi, pichi na plamu, na misitu ya Magamba. Ukisogea hadi Mtae, ardhi inakatika ghafla chini ya miguu yako na nyika ya Mkomazi inaonekana yote. Kushuka upande wa pwani ni kupita kwenye soko moja refu lililopangwa kwa urefu wa ardhi: matunda ya baridi yanaisha, mkonge unaanza Korogwe, machungwa yanajaa Muheza, halafu minazi, halafu harufu ya samaki. Umetoka kwa Wachaga, ukapita kwa Wapare, Wasambaa na Wabondei, na kila mahali ulipoomba maji ya kunywa uliyaomba kwa Kiswahili, na ukaambiwa karibu kabla hujamaliza kueleza unatoka wapi.

Hilo la maji ndilo kiini. Mtu wa gari hupita na vioo vyake vimefungwa. Mtu wa baiskeli ana chupa mbili au tatu, na jua la nyika huzimaliza kabla ya saa sita mchana. Hana bati la kumkinga na risasi wala mwendo wa kumtoroka mtu mwenye nia mbaya. Kupanda mlima huenda taratibu kama mtembea kwa miguu, na mizigo yake iko wazi kwa kila jicho. Usiku humlazimisha abishe hodi. Usalama wake wote umo mikononi mwa watu asiowajua, na akifika pwani salama, ushahidi alioubeba unahusu mamia ya watu waliokuwa na nafasi ya kumdhuru wakaamua kumsalimia. Sijui takwimu yoyote ya serikali inayobeba ushahidi wa namna hiyo.

*

Barabara hizi za kwenda chini hazikuwa huru tangu mwanzo. Pangani ilikuwa mojawapo ya milango ambayo misafara ya karne ya 19 ilitokea na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Njia nzuri ya leo ya kuteremka kwa baiskeli inapita karibu na walikoteremshwa binadamu kama mizigo. Kwetu mwelekeo ulikuwa mwingine, ila biashara ilikuwa ile ile: ng'ambo ya mto, karibu kabisa na Juba ya sasa, kulikuwa na Gondokoro, kituo cha wafanyabiashara wa pembe na watumwa, na kutoka hapo watu walipelekwa kaskazini pamoja na maji.

Gondokoro ina kumbukumbu nyingine ambayo Waswahili tunapaswa kuithamini. Februari 1863 waliingia hapo Waingereza John Hanning Speke na James Grant, wakitokea Bagamoyo walikoondoka mwaka 1860. Vitabu huwataja hao wawili. Lakini hawakuja peke yao: walikuja na kundi la wapagazi na walinzi waliozungumza Kiswahili, wakiongozwa na Sidi Mubarak Bombay. Mtu huyu alizaliwa miongoni mwa Wayao, akatekwa angali mtoto, akateremshwa hadi Kilwa na kuuzwa India. Bwana wake alipofariki alipata uhuru, akarudi Zanzibar. Kisha, kwa miguu yake, alitoka bahari ile ile iliyomchukua, akavuka nyanda za juu na ufalme wa Buganda, akafika kwenye ukingo tunaouona kutoka Juba. Kutoka hapo alishuka Nili hadi Misri na kurudishwa Zanzibar kwa meli.

Sijui maisha yanayoeleza vizuri zaidi tofauti ninayoitafuta. Mara ya kwanza Bombay alikwenda baharini kwa kamba ya mtu mwingine. Mara ya pili aliifikia bahari nyingine akiwa na mshahara, jina, na njia ya kurudi. Ardhi ilikuwa na mteremko ule ule mara zote mbili. Kilichobadilika ni nani aliyeamua mwelekeo, na kama kurudi kuliwezekana.

Hapo nawarudia jirani zangu wa Asmara, na sisi wenyewe. Mimi ni miongoni mwa tuliojifunza Kiswahili Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 katika ukame wa Turkana, wakati watoto wa Sudan Kusini walipokuwa wakivuka mipaka kwa miguu. Sisi pia tulisafiri kutoka milimani na kwenye malisho yetu kuelekea upande wa bahari. Hakuna aliyeiita safari. Mwendo ambao huwezi kuugeuza ni kukimbia, hata njia iwe nzuri kiasi gani na hata wenyeji wakupokee kwa wema, nasi tulipokewa kwa wema. Msafiri wa baiskeli anayeshuka hadi pwani anaweza kushuka kwa moyo mwepesi kwa sababu nyumba aliyoiacha juu bado ni yake, na hakuna aliyeichoma tangu aondoke. Furaha ya kuteremka inategemea kuweza kupanda tena.

*

Kuna jambo kuhusu barabara ya kwenda Mombasa ambalo kila Msudan Kusini angefaa kulikumbuka. Amani yetu ilijadiliwa kwenye ngazi zake. Itifaki iliyotambua haki ya watu wa Kusini kujiamulia hatima yao ilitiwa saini Machakos, Julai 2002, mji ulio kando kidogo ya njia ya Nairobi kwenda pwani. Mazungumzo marefu yaliyofuata yalifanyika Naivasha, ndani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo lori linaloleta unga wetu hupita likijiandaa kupanda. Mkataba wenyewe ulisainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Wajumbe walikaa karibu na barabara ile ile, ambako malori yalikuwa yakipita kuelekea mpaka wetu.

Tulipata nchi tarehe 9 Julai 2011. Mwaka uliofuata lami ya Juba hadi Nimule ilikamilika, kilomita 192, barabara kuu ya kwanza ya lami kati ya miji yetu. Ilionekana kana kwamba mlango umefunguliwa. Kisha ikaja Desemba 2013, na Julai 2016, na milio ya bunduki ikasikika hadi mitaani kwetu. Malakal, mji ambao jina lake tunaliandika kwenye anwani zetu, uliharibiwa vibaya ukipita kutoka mkono hadi mkono. Mkataba mwingine ulisainiwa Septemba 2018. Lakini mwaka 2021 madereva wa malori waliuawa kwenye barabara zetu, na wenzao kutoka Kenya na Uganda wakagoma kuvuka mpaka. Agosti mwaka huo huo masista wawili waliuawa kwenye barabara ya Nimule wakirudi kutoka sherehe za kanisa. Saini zilikuwa na umri wa karibu miaka mitatu. Lami ilikuwepo.

Ndiyo maana sitosheki na kipimo cha saini, wala cha kilomita za lami. Lori linaweza kupita katika nchi isiyo na amani, likiwa na msafara wa askari mbele na nyuma, na baada ya kulipa kwenye kila kizuizi. Ndege inaweza kuruka juu ya vita. Baiskeli haiwezi kudanganya. Ikipita, barabara ni salama. Isipopita, yote tunayosema kuhusu usalama ni maneno ya mtu aliye ndani ya gari.

Tuutazame basi mlima wetu. Kinyeti, katika safu ya Imatong, Equatoria Mashariki, una meta 3,187, na ndio mrefu kuliko yote katika Sudan Kusini. Chini yake kuna misitu minene, Gilo yenye hewa ya baridi, na Katire palipokuwa na kiwanda cha mbao. Mbele yake iko Torit, mji ambako uasi wa askari wa Kusini ulianza Agosti 1955. Kwa miaka mingi milima hiyo ilikuwa maficho ya waasi wa LRA kutoka Uganda, na wanakijiji waliihama ama waliishi humo kwa hofu. Mto unaozaliwa mlimani humo, ambao nao huitwa Kinyeti, hupita Katire na Torit ukielekea kaskazini, kisha hupotelea kwenye kinamasi cha Badigeru. Haufiki baharini. Maji ya mlima wetu mrefu kuliko yote hayaijui bahari yoyote.

Mtu anaweza kufika ambako mto umeshindwa. Njia ipo na inaweza kuchorwa kwa kidole: kutoka misitu ya Kinyeti kushuka Gilo na Katire, hadi Torit, Torit kwenda Magwi na Nimule, karibu meta 600, halafu Gulu, Malaba, na kupanda kwa siku kadhaa kuelekea Timboroa, ambako mpanda baiskeli wetu atauonja ubaridi ambao chumvi yake iliuonja miaka yote. Kisha Bonde la Ufa, kwa kupitia Naivasha, mahali ambapo watu walizungumza kwa ajili yake kabla hajazaliwa. Kisha Machakos, Voi, Mazeras, na bahari. Ni zaidi ya kilomita 1,500. Mtu mwenye baiskeli nzito ya gia moja, ile ambayo Wakenya huiita mamba, anaweza kuimaliza akiwa na subira. Ya milimani itamfaa zaidi mahali pawili: kushuka kutoka Gilo, na popote mvua itakapokuwa imekula barabara.

Kama kuna anayeona hii ni ndoto, na atazame Rwanda. Adrien Niyonshuti alipoteza ndugu zake sita katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mwaka 2012 aliibeba bendera ya nchi yake kwenye Olimpiki ya London, akashindana katika mbio za baiskeli za milimani na kuzimaliza. Leo kuna njia ya baiskeli kando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, kupitia vilima ambavyo wakati mmoja vilitajwa kwa vifo tu. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Mashindano hayo hayafuti yaliyotokea, wala hayatibu maumivu ya aliyefiwa. Yanathibitisha kwamba mtu anaweza kupita kwenye kilima kile, polepole, akiwa na fulana tu kifuani.

Kwa hiyo ninapopendekeza kwamba tujipime kwa baiskeli, sisemi kwamba vijana wa Juba wanunue vifaa vya bei kubwa na kwenda kujiburudisha. Nasema tubadilishe swali tunalowauliza wakubwa wetu. Badala ya kuwauliza mkataba umefikia kifungu kipi, tuwaulize leo mwalimu wa Torit anaweza kwenda umbali gani kwa baiskeli, akiwa peke yake, na je, binti yake anaweza kwenda umbali huo huo? Jibu la binti lihesabiwe kuwa ndilo jibu la nchi. Askari wa vizuizi walipwe mishahara ili wasiishi kwa mifuko ya wapita njia. Barabara ya Katire na Gilo itengenezwe kwa ajili ya wanaoishi huko kwanza, na wageni watafuata. Watu wa Imatong waambiwe na serikali, kwa vitendo, kwamba mlima ni wao na wanaweza kulala ndani yake.

Yaliyobaki si magumu. Mafundi wa baiskeli wapo kwenye soko la Konyokonyo, wanaojua kunyoosha rimu kwa jicho na kuziba tyubu kabla chai haijapoa. Kiswahili cha kuombea maji njia nzima tunacho, wengine wetu tulikipata kwa gharama kubwa. Vijana wenye miguu tunao wengi kuliko kazi za kuwapa. Kinachokosekana kimo mikononi mwa wenye bunduki na wenye kalamu, nasi wa Hai Malakal tuna haki ya kuwadai kila mwaka, kwa sauti, kwa kipimo ambacho mtoto anaweza kukihesabu: kutoka Kinyeti kuelekea baharini, kilomita ngapi, kwa pedali, bila mlinzi.